Kapteni Ananukaje?

Wateja walimwita Mama Matone kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimimina. Alidondosha. Tone moja kwenye kifundo cha mkono wako, na la pili hulipati mpaka umefungua pochi. Kibanda cha manukato kilikuwa cha watu wawili, yeye na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyeshinda katikati ya chupa mia mbili za marashi na bado akanuka sabuni ya kufulia. Miaka kumi na mmoja Wifi ndiye aliyepanda ndege kwenda kununua mafuta ya marashi nchi za watu, na Mama Matone ndiye aliyebaki kibandani. Mwaka huo magoti ya Wifi yaligoma.

"Twende wote," alisema Wifi. "Na safari hii uchague wewe. Chupa kubwa sita. Kila moja unieleze kwa nini hiyo na si nyingine. Nikiridhika, kazi ya kununua ni yako. Nisiporidhika, namfundisha binti yangu, na wewe utakaa kibandani mpaka meno yakutoke."

Mama Matone alikubali kabla Wifi hajafunga mdomo. Alichonyamazia ni namna anavyochagua.

Kibandani redio haikuzimwa, na saa kumi jioni kulikuwa na mchezo wa nyumba ya wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa Bi Kufuli, mjane mkali. Chini yake alikaa Kapteni, mstaafu wa meli na mwongo wa kupendeza. Jirani yake Daktari, mpole kupita kiasi. Na Zege, tapeli mwenye sauti nzito. Mchezo ukianza, Wifi aligeuza mgongo na kuanza kupanga vizibo. "Mimi na maneno ya watu wasiokuwepo, wapi na wapi!"

Lakini redio inakupa sauti tu, mengine unajitafutia. Mama Matone aliwatafutia harufu. Alianza na muziki: huyu akifunga mlango, akibaki peke yake, anapiga wimbo gani? Akishajua wimbo, harufu inakuja yenyewe. Na hakufanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Kulikuwa na mafuta yaliyokaa rafuni mwaka mzima kama mgeni asiyeaga. Siku moja akamnong'oneza mteja, "Haya ndiyo anayojipaka Daktari wa redioni." Ndani ya siku tisa hayakubaki hata ya kunusa. Wifi alidhani ni hali ya hewa.

Basi wakafika ugenini. Soko la marashi lilikuwa jengo la ghorofa nne, maduka yamebanana kama meno ya kitana, baridi ya mashine imejaa kila ukumbi. Siku ya kwanza Mama Matone alinusa mpaka pua ikasalimu amri, akawa ananusa mkono wa gauni lake mwenyewe ili izinduke. Kila harufu iliyomkaa aliichovyea kijikaratasi, akaandika jina la mpangaji na muziki wake, akakitia mkobani. Ndani ya lifti alicheka peke yake mpaka mtu aliyesimama karibu akashukia ghorofa isiyo yake.

Asubuhi ya pili hotelini, Mama Matone akiwa bafuni, Wifi akapekua ule mkoba kutafuta pasipoti. Akatoka na vijikaratasi.

"Toka humo bafuni!"

"Wifi, nina povu."

"Toka na povu lako!"

Akatoka kajifunga taulo, sabuni sikioni. Wifi alikuwa amevaa miwani, anasoma kama hakimu.

"'Kapteni. Ukosini. Tarumbeta, halafu usingizi.' Kapteni ni nani?"

Mama Matone akacheka. Lilikuwa kosa.

"Unacheka? Kaka yangu yuko nyumbani anajipikia, wewe huku unanusa kosi za makapteni! Na huyu? 'Daktari. Ananukia ukimkaribia tu. Disko, ndani ya gari, vioo vimepandishwa.' Ndani ya gari! Wawili, na tumetua juzi!"

"Wifi, hao ni wa redioni."

"Na mtangazaji pia?"

"Hawapo! Ni wale wa mchezo wa saa kumi. Kapteni, Daktari, Zege, Bi Kufuli..."

Wifi akakaa kitandani. Akavua miwani, akakitazama kijikaratasi cha Kapteni, kisha akakisogeza puani.

"Kapteni huyu anayechechemea?"

"Huyohuyo."

"Na umempa ndimu?"

"Mtu wa melini, nikaona..."

"Meli kaiacha miaka ishirini! Ndimu ya wapi? Kapteni ananuka tumbaku iliyosahaulika mfukoni. Na tarumbeta anapigia wageni. Akiwa peke yake anasikiliza kwaya, na anaimba sauti ya kike."

Mama Matone alimtazama, povu likimshukia shingoni. "Wifi, wewe si husikilizi?"

"Sisikilizi. Nina masikio tu."

Kuanzia hapo hapakuwa na kutulia. Mama Matone alimweleza habari ya yale mafuta ya siku tisa, Wifi akapiga mahesabu kichwani, akasema, "Kumbe!", wakatoka wakibishana. Barabarani walibishana. Kwenye taa za kuvukia walibishana mpaka zikageuka nyekundu wao bado wako ukingoni. Sokoni, Kapteni akapewa tumbaku. Daktari akabaki na mafuta ya sandali, disko ikapita bila kupingwa. Mke wa Daktari na dobi wa mtaani, wa mchezo uleule, nao wakapata zao kabla ya saa nne. Kwa Zege, Mama Matone alitaka mafuta mazito yenye moshi.

"Weka chini," alisema Wifi. "Mtu mbaya hanuki vibaya. Angenuka vibaya angemtapeli nani? Mpe waridi na miski, ile ghali kuliko zote."

"Nani atanunua harufu ya Zege?"

"Wote. Watakwambia ni zawadi ya jirani."

Zikawa tano. Ikabaki ya Bi Kufuli.

"Huyo hana haja ya marashi," alisema Wifi, safari hii bila kucheka. "Ananuka sabuni. Tuishie tano."

Hapo Mama Matone angeweza kuitikia na kuondoka na kazi yake mfukoni. Alijua hivyo. Akasema, "Hapana. Wapangaji wakilala, Bi Kufuli anasikiliza nini?"

"Nyimbo za mapenzi za zamani," Wifi alijibu haraka mno. "Sauti chini, mtu asijue." Kisha akakohoa.

Mteja akishalainika, humtazami usoni. Mama Matone alimgeukia mwenye duka, ambaye lugha yake hakuijua ila namba. Akamwigizia: akafunga mlango wa hewani, akatikisa funguo, akagombeza mpangaji asiyeonekana. Halafu akafumba macho, akaimba polepole, bega moja likicheza. Mwenye duka akapiga makofi, akapotelea nyuma, akarudi na chupa ambayo hawakuwa wameiona: yasmini, lakini ya ndani, ya kujificha, unaipata pale tu unapodhani imekwisha.

Wifi akanusa. Akanusa tena. Akaikumbatia.

Mwenye duka akaandika bei kwenye kalkuleta. Mama Matone akafanya kama alivyofundishwa na Wifi mwenyewe: akaguna, akaweka mkoba begani, akaelekea mlangoni bila kugeuka. Alipofika mlangoni aligundua yuko peke yake.

"Wifi, tunaondoka!"

"Tangulia. Ukirudi utanikuta."

Mwenye duka alimwona aliyeikumbatia chupa, akatabasamu, na bei ikakaa palepale kama mlima. Mama Matone akarudi, akamng'oa Wifi vidole kimoja kimoja, akaipanga ile chupa pamoja na nyingine tano, akaonyesha zote sita na kuandika namba moja. Mwenye duka akalia kama aliyefiwa. Wakavutana mpaka kalkuleta ikapata joto, na mwisho akakubali, akaanza kufunga masanduku, akimwelekezea Wifi risiti aitie sahihi.

Wifi akaisukuma kwa wifi yake. "Huyu ndiye mnunuzi."

Mama Matone akashika kalamu, akatia sahihi. "Na safari ijayo?"

"Utakuja peke yako. Mimi sifai tena, nimeanza kupenda bidhaa."