Amplifaya Mbili na Sauti ya Pili

Kaka yangu, mnunuzi wa korosho kule Masasi, alipopata vyombo vipya vya muziki aliniletea Newala amplifaya zake mbili za zamani, zinazofanana kama mapacha. Sebuleni nilikuwa na spika mbili kubwa ambazo nilikuwa nikiziendesha kwa redio ndogo isiyoziweza. Hajakaa hata chini, akaanza.

"Dada, kila amplifaya iunge nguvu zake zote kwenye spika moja. Watakusikia mpaka Masasi!"

Nikamwambia mimi nafundisha fizikia, sipigi muziki wa harusini. Spika zangu ni za omu nne, ukinzani mdogo, na amplifaya ikiungwa hivyo hubeba mzigo mara mbili. Itachemka. Akacheka, akasema vitabu vina woga. Basi tukajaribu. Vikombe vikagongana kabatini, naye akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Wimbo wa tatu haukuisha. Amplifaya moja ilijizima yenyewe, na nilipoweka kiganja juu ya bati lake, nilikiondoa upesi.

"Imechoka," akasema.

"Imezidiwa," nikasema.

Zilipopoa tukaunga moja tu kwa spika zote mbili. Kusema kweli, kwa nyumba yangu ilitosha. Ningeweza kuishia hapo, ile nyingine nikaifunika kitambaa. Ila besi ikikita, sauti za waimbaji zilizama kidogo, na hilo lilinisumbua kwa sababu ya mama.

Mama yetu aliimba kwaya Lulindi tangu usichana wake, sauti ya pili, safu ya nyuma. Imebaki kanda moja tu ya kwaya ile, nami nilikuwa nimeihamishia kwenye flashi. Aliisikiliza miaka yote bila kuitambua sauti yake. "Sisi wa sauti ya pili hatusikiki, mwanangu," husema. "Kazi yetu kuwashikilia wengine."

Kwa hiyo nikavitoa vile vibati vinavyounganisha tundu za sauti za juu na tundu za besi nyuma ya spika. Amplifaya moja nikaipa besi za pande zote mbili, nyingine nikaipa sauti za juu, ili besi isiwazamishe tena waimbaji. Kaka alinishikia tochi.

Jumapili baada ya ibada mama akafika. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa. Nikafungulia, si kwa kelele. Ubeti wa pili ulipoingia alinyoosha kidole.

"Huyo!"

"Nani, mama?"

"Mimi! Hapo nilivuta pumzi mapema, mwalimu wa kwaya akanikaripia." Akaanza kuimba juu ya sauti yake mwenyewe, na zilipishana kidogo tu. Nilisimama kando ya mitambo yangu.

Jirani akachungulia mlangoni kuuliza hiyo kwaya ya wapi. Kaka akawahi kujibu.

"Ya Lulindi. Anayeimba ni mama yetu, na aliyeunga mitambo ni dada yangu."

Mama akatuashiria tunyamaze, maana ubeti wa tatu ulikuwa unaanza.