Ngazi Isiyopitisha Kitanda

Ptuu! Kila nikiiona ile ngazi ya kuzunguka iliyosimama sebuleni natamani kutema mate. Asubuhi chuma chake kinatoka jasho, kinanuka kutu, na ukikishika mkono unarudi mweusi. Na aliyeichagua ni mimi.

Nyumba yetu ya Kasubi ni ndogo, nami nilitaka sebule ya watu wenye heshima. Nikavunja chumba cha mama ili makochi yapate pa kukaa, mama nikamjengea chumba juu. Nikamwambia huko juu kuna hewa. Uongo mtupu!

Fundi wa vyuma kutoka Wandegeya alinionyesha picha kwenye simu. "Hii hapana kula nafasi, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, akachora duara la chaki sakafuni. Lilikuwa dogo kama ungo. Nikafurahi kama mwehu.

Mama akaja na kamba. Sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudan tuna desturi yetu: nyumba haikubaliki mpaka ijulikane kitanda kitatoka na mtu akiwa amelala juu yake. Mgonjwa hutoka hivyo, na maiti pia. Mama alikuwa amepima kitanda chake kwa ile kamba. Akailaza juu ya duara, na kipande kirefu kikabaki nje.

"Kitanda hakipiti, mwanangu."

"Tutakipandisha vipande vipande, mama, tukiunge huko juu."

"Na mimi mtanishusha vipande vipande?"

Tulicheka, mimi na fundi. Astaghfirullahi, tulicheka mpaka fundi akaangusha chaki.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Adhuhuri moja mama aliteleza chumbani kwake huko juu akitawadha, na mguu ukavunjika pajani. Kaka yangu, ambaye ni polisi, akaja mbio na majirani wawili. Wakambeba na kitanda chake, kikakwama kwenye mzunguko wa kwanza. Wakakiinamisha, mama akapiga yowe. Wakakirudisha.

Mwishowe kaka alimfunga mgongoni kwa shuka. Mama yangu, ambaye hata kwa muuza maziwa hatoki bila kujitanda, alishuka mtandio umeanguka, paja nje, majirani wakitazama kutoka chini. Kila kaka alipogeuka, mguu uligonga chuma. Mama akafunika uso kwa mikono miwili. Na mimi, sijui ni shetani gani, nikasikia sauti yangu ikisema, "Angalieni kochi!"

Kaka alinitazama mara moja tu. Najichukia kwa neno lile kuliko ninavyoichukia ngazi.

Alilazwa hospitali ya Mulago wiki nyingi. Aliporudi, kitanda chake nilikuwa nimekiweka sebuleni, pale pale palipokuwa chumba chake. Makochi niliyatupa uani. Kuku wanalala juu yake, yananuka mavi na unyevu.

Siku ya kwanza mama alichungulia dirishani.

"Mvua inakuja, mwanangu. Makochi yako yataoza. Si uyapandishe juu?"

Nikaangalia sakafu.

"Hayapiti, mama."

Nilimngoja acheke. Hakucheka. Alivuta shuka akaufunika mguu wake vizuri, akanigeuzia mgongo.