Nilimlisha kenge mgonjwa steki na kumlaza kwenye bani la tumbaku. Mama yangu mfuga kuku ndiye aliyemwokoa

Wakuu, mwangaluka. Walio nje ya Unyamwezi, hiyo ni salamu ya asubuhi, itikieni mnavyojua.

Kisa hiki kimenitokea mwenyewe, hapa Urambo, na mama yangu yupo hai, ni shahidi. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana mjinga wa kisa chenyewe ni mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu juzi mtu humu aliuliza: kenge wake hali chakula, miguu inatetemeka, afanyeje? Watu wakamjibu "mpige rungu".

Mkuu, usimpige rungu. Soma hapa.

Mimi ni mkulima wa tumbaku. Najua moto. Nikiweka mkono kwenye ukuta wa bani naweza kukwambia ndani jani limefikia wapi. Ujuzi huo ndio ulionipoteza.

Wakati wa kuandaa shamba tulichoma majani makavu upande wenye kichuguu. Moto ulipopita nikakuta kenge mdogo, urefu kama mkono wangu, ameungua mguu wa nyuma na ncha ya mkia. Hakukimbia. Aliniangalia, akatoa ulimi, akaurudisha.

Nikamwita Karani. Waliowahi kupeleka tumbaku sokoni wananielewa. Unaleta robota lako, karani anakuangalia, hasemi kitu, na wewe unaanza kujieleza bila kuulizwa.

Kabla hamjaja na swali la kibali: niliripoti kwa afisa wanyamapori. Akasema mtunze mpaka kidonda kipone, kisha umrudishe porini, kenge si paka.

Kidonda kilipona mvua zilipokolea. Mimi ndiye sikupona. Kila wiki nilikuwa na sababu. Mara mvua kubwa, mara mguu bado mwekundu, mara ngoja anenepe kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemzoea na sikutaka aondoke.

Mama naishi naye ua mmoja. Ni mama wa kwaya, Mmoravian wa siku nyingi, mpole kwa kila kiumbe isipokuwa kenge. Ana kuku, na kenge wameshamlia vifaranga mpaka amewachukia ukoo mzima.

"Mihayo, umeleta mwizi uani, halafu unamtandikia," aliniambia siku ya kwanza.

Nikacheka tu.

Sasa sikilizeni makosa yangu.

Karani alikaa stoo, ndani ya sanduku la mbao, juu ya magunia, giza. Nilidhani giza linampa utulivu. Chakula chake kilikuwa steki. Naenda buchani, naomba nyama laini isiyo na mfupa, naikata vipande vidogo kama vya mtoto anayeota meno. Mke wangu aliuliza kama na yeye anaweza kuungua mkia kidogo.

Kipupwe kilipoingia, Karani akaacha kula. Ukimshika ni baridi kama jiwe la kisimani, halafu amelegea.

Nikajisemea, huu ugonjwa nauweza.

Msimu wa kukausha ulikuwa umeisha na bani dogo la marehemu baba lilikuwa tupu. Kwa wasiojua, bani ni jengo la kukaushia tumbaku, halina dirisha, na joto linapita kwenye mabomba kutoka kwenye tanuru. Nikafagia, nikawasha moto mdogo, nikatundika kipimajoto. Nikashikilia lile joto la kugeuza jani liwe njano. Siyo la kukausha kikonyo jamani, ningemkausha.

Siku ya tatu akala. Nilitamba kijiweni mpaka watu wakachoka. Nilijiona daktari.

Wiki chache baadaye vidole vya Karani vikaanza kuruka vyenyewe. Kisha akashindwa kuinua tumbo kutoka chini. Mguu wa nyuma ukawa unaburuzwa. Nikaongeza moto. Nikaongeza steki.

Siku nyama ilipomdondoka mdomoni, nilimshika taya la chini. Lilikuwa linabonyea.

Niliogopa, wakuu. Nilikaa mlangoni mwa bani nikamwangalia kiumbe niliyemtoa kwenye moto mmoja nikamtia kwenye mwingine. Angekuwa porini tangu mvua za kwanza, asingekuwa vile. Akifa, nimemuua mimi, si mwingine.

Nikiwa pale, mama akaja na ndoo. Huwa anachota majivu ya tanuru, kuku wake wajigaragaze humo watoke chawa. Akamwona Karani sakafuni.

"Ana nini huyo?"

"Baridi, mama."

"Baridi gani humu? Mimi mwenyewe jasho linanitoka."

Akaweka ndoo chini. Akainama karibu kuliko siku zote, mkono mmoja kiunoni, akaangalia ile miguu.

"Anakula mifupa?"

"Hapana. Nampa steki tupu."

"Jua anaota saa ngapi?"

"Mama, humu ndani joto lipo la kutosha, nimepima na..."

"Sikukuuliza joto. Nimekuuliza jua."

Nikaangalia zile kuta zisizo na dirisha.

"Huyu ana ugonjwa wa kuku wangu wale wa ndani," akasema.

Nikakumbuka. Miaka ya nyuma mama alijaribu kuku wa kisasa, akawafungia kwenye chumba chenye joto zuri, pumba safi. Wakaanza kutaga mayai yasiyo na ganda, laini kama kifuko. Kisha miguu ikawaishia nguvu. Walipona alipowatoa nje na kuwachanganyia chokaa ya mifugo na mifupa ya kusaga.

Na mimi nilikuwepo nikiyaona yote hayo. Nilidhani ni mambo ya kuku.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Tabora kwa daktari wa mifugo. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa tenga lake la kuku, akalifunika kwa khanga. Kondakta wa basi akauliza, "Kuku wangapi humo?"

"Mmoja."

"Mbona halii?"

"Anaumwa."

Huo haukuwa uongo kamili.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akafunua khanga, akaruka nyuma. Kisha akacheka na kuvaa glavu. Aliniambia wazi kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, kenge haletewi kila siku. Akampigia simu mwenzake anayejua reptilia, wakaongea muda mrefu huku akimbonyeza Karani taya na miguu taratibu. Nikamwambia nimesikia ugonjwa huu ni kama wa kuku.

"Mifupa imelainika. Hana madini ya mifupa, na hapati jua la kumsaidia kuyatumia. Nani alikwambia ni kama kuku?"

"Mama yangu."

"Msikilize mama yako."

Alimpa dawa ya kalsiamu kwa kipimo chake. Msiniulize kipimo humu, kila mnyama na uzito wake, nendeni kwa daktari. Ila alisema dawa peke yake haitoshi kama nyumba na chakula ni vilevile.

Basi nikajenga upya.

Banda nje, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Nusu ya paa ni nyasi, nusu ni wavu mtupu. Jua lazima limfikie lenyewe. Likipita kwenye kioo au plastiki anapata joto tu, na joto nilishampa mpaka nikakaribia kumzika. Kuta ni mabati laini ili asipande, na sikuweka magogo marefu, kwa sababu mwenye mifupa laini akianguka anavunjika.

Upande wa jua niliweka jiwe bapa la kuotea. Upande wa kivuli nikajaza udongo wa kichuguu, wa kina, aweze kuchimba na kujificha. Lazima awe na sehemu ya moto na sehemu ya ubaridi, achague mwenyewe. Bani halikumpa uchaguzi. Beseni la maji la kutosha kulala mwili mzima, na maji yanabadilishwa kila siku, maana anajisaidia humohumo. Ukimaliza kumhudumia nawa mikono kwa sabuni, hilo msipuuze.

Usiku wa kipupwe alilala ndani kwenye sanduku, chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye gunia pembeni yake.

Chakula: mnyama mzima mdogo, siyo nyama. Panya na mifupa yake, konokono na gamba lake, panzi, mende. Yai mara mojamoja na ganda lake, limepondwa. Mwanzoni taya halikuwa na nguvu, nikawa nasaga panya mzima na kumwekea mbele, bila kumlazimisha.

Na hapa wakulima wenzangu mnisikie: panzi wa shamba la tumbaku usimpe, wamekula dawa tunazopuliza. Panya aliyekufa kwa sumu pia usimpe. Mimi nilitega kwa mtego tu.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, na nilikata tamaa mara mbili. Kisha mtetemo ukaacha. Kisha tumbo likainuka kutoka chini. Taya likakaza. Mguu wa nyuma umebaki umepinda kidogo na daktari alisema ule hautanyooka. Hiyo ni saini yangu, ninaibeba.

Asubuhi moja nipo napiga mswaki, nasikia mama anapiga kelele huko kwenye kuku.

"Mihayo! Njoo umchukue mgonjwa wako. Amepona!"

Karani alikuwa amechimba chini ya bati, akatoka, akavuka ua mzima kwa ule mguu wa kupinda, na sasa yupo kwenye kiota cha kuku anayeatamia. Yai lipo mdomoni. Mama ameshika ufagio juu, lakini hajaushusha.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia kidogo, semeni mtakavyo.

Safari hii sikutafuta sababu. Nikamwarifu afisa wanyamapori, akapendekeza sehemu ya mto mbali na nyumba za watu, tukakubaliana siku. Nilipokuwa nafunga tenga, mama akatoka na kitambaa, ndani yake mayai mawili.

"Ya njiani," akasema, akarudi jikoni bila kumtazama.

Nilipofungua tenga Karani hakuaga. Alitoa ulimi mara mbili akaingia kwenye majani. Yale mayai nikayaweka juu ya kichuguu cha pale mtoni. Kesho yake nilipita, hayapo, hata kipande cha ganda. Inawezekana ni nyoka. Mama anasema ni Karani, na siku hizi mama akisema nakubali.

Nilichojifunza: kumpenda mnyama ni kumpa anachohitaji yeye. Mimi nilimpa nilichokuwa nacho, moto na steki, nikajisifia.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye mnyama mgonjwa, au aliyewahi kufuga kenge akaona tofauti na mimi, aandike hapo chini. Maswali ya moto nitajibu mwenyewe. Ya jua nitampelekea mama.