Utepe wa Bomba

Nilikuwa naimba muziki wa panki na wenzangu wawili wa mtaa wa Sokon One. Nyimbo zetu zilikuwa fupi, za mbio, za kugomba. Vijana wa muziki wa metali walitoka Ngaramtoni, na wimbo wao mmoja ukianza unaweza kubandika maharage yakaiva kabla haujaisha. Tulikuwa tukichekana. Siku moja tukakutana kwenye onyesho, tukagundua kila upande una nyimbo za kuwakejeli viongozi. Mpiga gitaa wao akanifuata. "Dada, mbona tunawasema watu walewale? Tutoe albamu moja."

Tukafanya mazoezi miezi kadhaa. Wimbo tulioupenda kuliko yote ulihusu bomba la maji la kijijini kwao mpiga gitaa, huko juu kwenye miteremko ya Meru. Mheshimiwa alikuja kulizindua, akakata utepe, akapigwa picha anakunywa, na wiki ileile bomba likakauka. Uchaguzi ulipokaribia akarudi kulizindua tena. Kwenye kiitikio mimi nilipaza sauti, "Kata utepe," nao wakaitikia kwa magitaa mazito kama lori linalopanda mlima.

Tulipoenda kurekodi, mwenye studio aliusikiliza wimbo huo mpaka mwisho.

"Nyingine zote nitazirekodi," akasema. "Huu hapana. Nina familia."

"Basi hata hizo nyingine tunaondoka nazo," nikamjibu. Sikuwa nimewauliza wenzangu, lakini nilipogeuka mpiga gitaa alikuwa tayari anakunja nyaya zake.

Kaka wa mpiga ngoma wetu ni fundi magari pale Sakina. Akatuachia gereji yake Jumapili, kwa kuwa siku hiyo hafungui. Tukatundika mablanketi ukutani ili sauti isirukeruke, tukaanza.

Mchana geti likagongwa. Alikuwa baba yake mpiga gitaa, mzee wa kanisa, amevaa suti ya ibadani na Biblia kwapani. Alikuwa amekuja kumtafuta mwanawe, ambaye hakuonekana kanisani.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani huyo aliyekuwa analia?"

"Ni mimi, baba. Nilikuwa naimba."

"Unaimba nini?"

Mwanawe akaangalia chini. Nikamsomea mzee maneno ya wimbo taratibu, bila ala, pamoja na hotuba tuliyomtungia mheshimiwa. Akasikiliza hadi mstari wa mwisho.

"Mheshimiwa hakusema hivyo," akasema. "Nilikuwepo mara zote mbili. Nilisimama juani."

Akaiweka Biblia juu ya kiti cha gari, akakohoa, akatanua mikono. "Ndugu zangu," akaanza kwa sauti nene isiyokuwa yake, "kuanzia leo, kiu mtaisikia kwa majirani." Tulicheka mpaka mpiga ngoma akadondosha fimbo yake ya ngoma. Mpiga gitaa peke yake hakucheka. Alimtazama baba yake kama mgeni ambaye angependa kumfahamu.

"Baba, rudia," akasema polepole. "Nikurekodi."

Mzee akarudia. Sauti yake ndiyo inayofungua wimbo.

Tukaitoa albamu mtandaoni. Haikuchukua muda mzee akaitwa ofisi ya kijiji. Tulimsindikiza, tukabaki nje karibu na dirisha.

"Mzee, hii ni sauti yako?" ofisa akauliza.

"Sauti ni yangu. Maneno ni ya mheshimiwa."

Kisha ofisa akasema, "Waambie vijana wauondoe huo wimbo."

"Nitawaambia."

Akatoka, akasimama barazani, akazungumza kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: "Mmeambiwa muuondoe." Akavaa kofia yake. "Haya, nimefikisha. Twendeni."

Hatukuuondoa. Ukumbi uliokuwa umekubali tufanye onyesho ukaghairi, nasi tukapiga palepale gerejini alasiri, geti likiwa wazi, na wapita njia wa barabara ya Nairobi wakasimama kusikiliza. Tangu hapo tumeshapiga hadi Moshi. Kila tuendako bado yupo mwenye ukumbi anayetuita pembeni na kuuliza kwa upole kama leo tunaweza kuuruka ule wimbo mmoja. Huwa tunamjibu kwa upole vilevile kwamba haiwezekani, kisha tunaendelea kupanga vyombo jukwaani.