Siku Tisa za Pingili Kavu

Mtaani walimwita Mama Mita, na wala hakununa. Miaka kumi na moja, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, alishuka ngazi za saruji nyuma ya nyumba, akausoma mto, akapanda. Kazi yenyewe ukiitaja haraka inachekesha: kuangalia ubao. Ni ubao wa chuma wa mita tatu, umefungwa kwenye nguzo ndani ya maji, umepakwa pingili nyeusi na nyeupe kwa zamu, kila pingili sentimita tano. Unatazama maji yamegusa wapi, unaandika kwenye daftari. Jumatatu unachota na chupa moja. Unaisuuza kwanza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, kwa sababu ukiisuuza kwa maji ya bomba umeshaharibu. Halafu unaiweka mahali pa baridi mpaka gari la ofisi lije. Huko maabara wanajua wenyewe wanachotafuta humo.

"Mama Mita, mto umeamkaje?" fundi viatu wa kona alikuwa akimuuliza kila asubuhi.

"Umeamka na mita moja na nusu."

"Uambie nimeusalimu. Mimi nimeamka na kiatu kimoja, mwenye cha pili hajaleta."

Hata siku aliyojifungua, alisoma asubuhi, akazaa mchana, na jioni akamtuma mumewe. Mume akaleta namba, akarudishwa mtoni. Akaleta nyingine, akarudishwa tena, mpaka alipokiri kwamba alisoma amesimama. Ubao hausomwi hivyo. Unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, vinginevyo unaandika uongo bila kukusudia.

Mume huyo ndiye aliyekufa. Alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na kucha zenye saruji. Alitoka nyumbani mzima, moyo ukasimama akiwa na ndoo ya mchanga mkononi.

Mama Mita hakulia. Watu walingoja alie, wakangoja, wakaanza kutazama saa. Alilala ubavu akiukodolea ukuta macho. Mtoto aliletwa akanyonya, akaondolewa, akaletwa tena, naye mama akafungua vifungo na kuvifunga kama anayefungua na kufunga mlango wa duka la mtu mwingine. Sauti za watu alizisikia kama redio ya jirani. Alijua mto upo. Mwanga wa dirisha ulipofika kwenye msumari wa ukutani alijua ni saa kumi na mbili, na alijua anatakiwa kushuka. Mwili ukakataa. Siku tisa.

Siku ya kumi gari la ofisi ya maji likasimama mlangoni. Afisa aliingia, akamwamkia mama mkwe wa Mama Mita, "Shikamoo mama," bibi akaitikia marahaba huku akimbembeleza mjukuu mgongoni. Afisa akatoa pole zake, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja na jambo zito.

"Dada, daftari."

Mama Mita alikuwa ameketi kitandani, mlango wazi. Akasema, kwa sauti isiyo na chumvi, "Lipo mezani. Lakini humo hamna kitu, afisa. Siku tisa ni tupu. Mwandike tu kwamba nilishindwa."

Alijua anachosema. Vituo viwili vya mto ule vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya mapengo daftarini. Kikifungwa na hiki, hakutakuwa na sababu ya kuamka saa kumi na mbili tena, wala saa nyingine yoyote. Aliliwaza hilo, akalitazama, halikumuuma. Ndilo lililomtisha kidogo, kwamba halikumuuma.

Afisa akafunua kurasa. "Tupu? Mbona zimejaa?"

Akageuza daftari. Siku zote tisa, asubuhi na jioni, namba kumi na nane, za wino mzito, zimeinama kama zinapanda kilima. 29. 29. 27. 26.

"Dada yangu," afisa akasema taratibu, "siku moja kabla ya msiba uliandika mita moja na sentimita hamsini na nne. Kesho yake ishirini na tisa? Mto ulikwenda wapi, sokoni? Halafu angalia. Juu huko mvua imenyesha, kituo cha juu maji yanapanda, hapa kwako yanashuka: ishirini na mbili, kumi na saba. Pengo ningeweza kukutetea. Namba za kupika siwezi. Wakiziona hizi, hawataishia kufunga kituo, watatilia shaka na ile miaka kumi na moja yote."

"Sikuandika mimi."

"Nani sasa? Mto umejiandikia?"

Mtoto akapiga chafya.

"Mimi," mama mkwe akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Bibi huyu alikuwa ameuza mayai maisha yake yote. Kusoma hakujua, ila namba za kuhesabia trei alizijua na kuziandika. Tangu mwanawe azikwe alikuwa amesema maneno ya kuhesabika: kula, mlete, lala.

"Mama, wewe unajua kusoma ubao?" afisa akauliza.

"Kusoma sijui. Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Pingili."

"Pingili zipi, mama?"

Bibi akamtazama kama anamtazama mtu mzima anayeuliza maji yana rangi gani. "Zilizo kavu. Zilizo majini sizioni. Nitahesabuje nisichokiona?"

Afisa akarudi kuzitazama namba. Mama Mita ndiye aliyeinuka. Miguu ilikuwa mizito, lakini kichwa kikaanza kwenda chenyewe, kama kinavyokwenda asubuhi kabla hajaamka vizuri. Ubao mzima ni pingili sitini. Kavu ishirini na tisa. Zilizo majini thelathini na moja. Mara tano.

"Mita moja na hamsini na tano," akasema. "Jana yake ilikuwa hamsini na nne."

Afisa akachukua kalamu. Wakazipitia moja moja, yeye akitaja, Mama Mita akitoa na kuzidisha. Kavu ishirini na mbili, mita moja na tisini. Kavu kumi na saba, mita mbili na kumi na tano, jioni ya siku ya tano. Afisa akatoa karatasi za kituo cha juu, akaweka kidole. Kule maji yalifika kilele asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mpaka yateremke huku ni nusu siku.

"Yamekaa sawasawa," akanong'ona. "Mama, umetuokolea kilele cha mafuriko."

"Sijui kilele," bibi akasema. "Nilihesabu."

Mama Mita alikuwa bado ameshikilia ile kumi na saba. Maji yakifika mita mbili, ngazi zote zinazama. "Mama, siku ya tano ulisimama wapi?"

"Kwenye majani. Nilishika mti."

"Ungeteleza je?"

"Sikuteleza." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Nililala nikakusikia unahesabu usingizini, mwanangu. Nikaona ni jambo linalokusumbua. Mimi nami sikuwa na la kufanya na miguu yangu."

Mama Mita akangoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Akakaa karibu na mkwewe, bega kwa bega, akanusa moshi kwenye kanga yake. Kwa sasa hivyo ndivyo alivyoweza.

Afisa akaandika pembeni ya ukurasa kwamba vipimo vya siku tisa vilichukuliwa kwa kuhesabu pingili, si kwa sentimita, na vinafaa. Kituo hakifungwi. Chini, pale palipoandikwa msomaji wa akiba, mahali palipokuwa wazi miaka kumi na moja, akaandika jina la bibi na kumpa kalamu aweke alama yake.

Jioni wakashuka pamoja. Mama Mita akachuchumaa, akamwonyesha mkwewe namna ya kusoma kutoka chini, namba zilivyoandikwa ubavuni, hapa mita, hapa sentimita. Bibi akatazama kwa adabu mpaka somo likaisha.

"Thelathini kavu," akasema.

"Mama, nimekwambia tunasoma kutoka chini."

"Nimesikia. Mimi nahesabu, wewe toa."

Mama Mita akatoa. Akaandika mita moja na hamsini, saa kumi na mbili jioni, na wakapanda, bibi akitangulia.