Zamu ya Maji ya Hamdam

Kwa miaka kumi na sita Hamdam alikuwa mgawa maji wa kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Isfara. Kila shamba la miaprikoti lilipata saa nne za maji, kisha likasubiri siku tisa, na yeye ndiye aliyetembea kando ya mfereji na beleshi lake begani, akimfungulia huyu lango na kumfungia yule. Ni kazi ya lawama. Alichaguliwa kwa sababu hakuwa na upendeleo, hata kwake mwenyewe. Shamba langu lilikuwa chini ya lake, kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona kwa macho.

Juu ya shamba lake lilikuwa la kaka yake mkubwa, Abduvosit. Zamani yalikuwa shamba moja, na miti yote aliipanda baba yao. Ndugu hawa walikuwa wamekubaliana, watoto wao wangali wadogo, kwamba Nigina, binti wa Hamdam, ataolewa na mtoto wa Abduvosit. Nigina alipofika umri wa kuulizwa, alikataa. Hamdam hakumlazimisha, alisema ndoa bila ridhaa ya binti haijuzu, basi. Abduvosit akaona ameaibishwa mbele ya kijiji kizima. Akamwambia mdogo wake asikanyage tena kwake, kwani yeye hana ndugu.

Miaka minane ikapita hivyo. Kila Idi, baada ya sala, Hamdam alikwenda na mikate ya mkewe akagonga lango la kaka yake. Halikufunguliwa. Mwaka mmoja mikate ilirudishwa ikiwa imewekwa chini kifudifudi mbele ya nyumba yake, na kwetu huwezi kumtukana mtu zaidi ya hapo. Mkewe, Saodat, alilia. Hamdam aliiokota, akaipangusa vumbi, akaila. Idi iliyofuata akaenda tena.

Halafu ukaja ule mwaka ambao theluji ilikuwa haba milimani. Kufikia mwezi wa tano mfereji ulikuwa umebaki nusu, na matunda ndiyo kwanza yanajaa. Watu waliacha kutaniana. Mtu akichelewa kufunga lango lake kwa dakika tano, jirani alikuwa tayari ameshasimama pale na beleshi.

Jumatano, katika zamu ya Abduvosit, ukingo wa mfereji ulibomoka huko juu. Maji yote yakaishia korongoni. Tulifanya kazi hadi magharibi kuuziba, na zamu yake ikawa imekwisha. Sheria yetu ilikuwa ya zamani na kila mtu aliijua: zamu iliyopotea kwa ajali hairudishwi, maana ukimrudishia mmoja utakuwa umewapokonya wote walio chini yake. Abduvosit angesubiri siku tisa nyingine. Miti yake ilikuwa imeshaanza kukunja majani. Nadhani isingefika siku hizo.

Alikuja mbele yetu sote, matope hadi magotini, akasimama uso kwa uso na mdogo wake.

"Umeubomoa wewe," alisema. "Miaka minane umekuwa ukiingoja siku hii."

 Wengine tulimtazama Hamdam, na nakiri kwamba hata mimi wazo lilinipitia, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeupita ukingo ule kila siku.  Hamdam alisema tu kwamba Mungu anajua, akachukua beleshi lake akaondoka.

Zamu ya Hamdam mwenyewe ilikuwa Ijumaa, mara baada ya sala ya alfajiri. Alhamisi alimwambia mkewe kwamba maji yale atampa kaka yake. Saodat alinisimulia mwenyewe baadaye jinsi alivyokasirika. Alimuuliza watakula nini msimu wa baridi, na kama kuna fedheha yoyote iliyobaki ambayo hajaimeza.

"Baba Nigina, huyo mtu salamu yako tu haipokei," alimwambia. "Jana amekusingizia hadharani. Utampa maji ili iweje?"

"Angekuwa ananipenda, ningekuwa namlipa tu," alijibu Hamdam. "Mtume amesema anayeunga undugu si yule anayelipa wema kwa wema. Ni yule ambaye akikatwa, anaunga. Sasa mimi nimekatwa, Saodat. Lini tena nitayafanyia kazi maneno haya?"

Saodat hakumtengea chai.

Ijumaa nilitoka msikitini nyuma ya Hamdam. Badala ya kushuka kwenye lango lake, alipanda juu. Akasimama kwenye lango la maji la Abduvosit, akapiga magoti, akaanza kuung'oa ubao unaoyazuia maji. Abduvosit alikuwa bustanini. Aliona mgongo wa mtu kwenye lango lake. Akaja mbio, beleshi limeinuliwa kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa mbali mno kumshika. Nilipiga kelele tu.

Hamdam aligeuka akaliona beleshi juu ya kichwa chake. Hakuinuka, wala hakujikinga.

"Piga, kaka," alisema. "Ila sogea kwanza, maji yanataka kupita."

Ubao uling'oka. Maji yakaruka, yakamwagika miguuni mwa Abduvosit, yakaingia kwenye mitaro ya bustani yake. Beleshi likabaki hewani. Niliyaona macho yake yakihesabu: leo Ijumaa, saa hii, zamu hii.

"Maji ya nani haya?" akauliza.

"Yangu."

"Nani amekuomba?"

"Hakuna."

Abduvosit alishusha beleshi, akaushika ubao. Kwa muda nilioona mrefu sana alikaa hivyo, ubao mkononi, na sote watatu tulijua kwamba angeweza kuurudisha mahali pake, akaiacha miti yake ife kuliko kupokea kitu kwa mdogo wake. Kiburi chake nakijua. Angeweza kabisa.

Mkewe, Muhabbat, alitoka nyumbani bila viatu. Hakumtazama yeyote. Aliingia kwenye mtaro na jembe, akaanza kuyaongoza maji kuelekea mti wa kwanza. Abduvosit akamtazama, kisha akauweka ubao chini.

Hamdam naye akaingia mtaroni, wakafanya kazi wote watatu. Saa tatu zilipotimia, Abduvosit mwenyewe alikuja akaurudisha ubao.

"Saa moja imebaki," alimwambia mdogo wake, akitazama pembeni. "Ipeleke kwako."

"Miti yako ya nyuma haijafikiwa."

"Nimesema ipeleke kwako, Hamdam."

Miaka minane alikuwa hajalitamka jina lile.

Hamdam alipoteza theluthi ya matunda yake mwaka ule, na Saodat alimnunia karibu mwezi mzima. Abduvosit naye hakuwa mtu wa kuyeyuka mara moja. Alianza kuitikia salamu. Baadaye akasimama msikitini, mbele ya watu walewale waliokuwepo Jumatano, akasema kwamba alimsingizia mdogo wake na anaomba radhi. Maneno yalimtoka kwa shida, na Hamdam alikuwa akimwashiria kwa mkono kwamba yatosha, akae. Msimu wa baridi ulipoingia, magunia mawili ya aprikoti kavu yalipelekwa nyumbani kwa Hamdam. Saodat aliyapokea.

Waliishi miaka sita zaidi wakiwa ndugu. Waligombana mara nyingi, kwa sauti, juu ya mbolea na juu ya kuku, lakini jioni walikunywa chai pamoja. Abduvosit alifariki majira ya baridi yaliyopita. Ardhi ilikuwa imeganda na tulichimba kwa kupokezana sururu. Hamdam, ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri siku hizi, alikataa kusaidiwa. Alishuka kaburini mwenyewe, akampokea kaka yake mikononi.