Nyumba ya Tisa

Hata leo nikisikia litania ya watakatifu, roho hunichafuka. Si kosa la watakatifu, maskini. Ni sisi, Wakatoliki wa Kibugu, wachuma chai, mabingwa wa kukunja magoti kanisani na kukunja pua nje.

Msimamizi wa kigango chetu, mwombezi wa kanisa letu dogo huko mbinguni, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa tulishalichafua vya kutosha, alikuwa padre huko ng'ambo, zama za kale. Aliosha vidonda vya watu waliotupwa na ndugu zao, akaketi nao na kuwasikiliza mpaka wakakata roho kwa amani. Basi. Kwa hayo akaitwa mtakatifu.

Kila mwaka, siku tisa kabla ya sikukuu yake, jumuiya yetu ilimtembeza. Tulikuwa na sanamu yake ya plasta, kimo cha debe, na kila jioni tuliibeba kwa nyimbo kutoka boma moja hadi jingine, ikalala huko tukisali novena. Siku tisa, nyumba tisa. Kina mama walivyoshindana, Mungu wangu! Vitambaa vya kufuma vilitandikwa juu ya kila kiti, kuta zikapakwa rangi, kuku wakachinjwa. Mtu aliyelala sakafuni na wagonjwa sasa alikaribishwa kama mkaguzi wa shule.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa jumuiya, kwa hiyo orodha ya nyumba niliiandika mimi. Mwaka huo nyumba ya tisa ilikuwa ya cucu mmoja, bibi kizee mjane, aliyeishi karibu na msitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha miaka mingi, na kilinuka. Sitapamba, kilinuka sana. Jumatatu baada ya sikukuu alikuwa apelekwe hospitali Embu mjini, akatwe huo mguu.

"Mwalimu," aliniambia, "kukatwa siogopi sana. Lakini huyo aliosha watu kama mimi. Alale kwangu mara moja tu, ndio niende nikiwa nimeombewa."

Siku ya nane mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya na kiburi cha kuongoza nchi, alinivuta kando.

"Mwalimu, kwani kesho umeandika wapi? Kwa cucu? Ai! Hiyo harufu si itaingia kwa vitambaa? Na watu watakula namna gani hapo? Andika kwangu."

"Kwako ililala siku ya kwanza," nikasema.

"Si akirudi ni baraka mbili?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akabana pua kwa leso, wakacheka zaidi. Ptu! Walafi wa baraka! Lakini nyani haoni kundule. Mimi niliyekuwa na ulimi mkali mbele ya watoto wa darasa la sita, nilitoa kalamu nikakata jina la yule cucu. Juu yake nikaandika la mwenyekiti.

Jumamosi jioni tulipita langoni kwake, maana njia ni hiyo hiyo. Alikuwa amesimama juu ya mguu ule, amevaa gauni la kanisani, ameshika kibuyu cha uji wa wimbi. Kwetu uji wa kibuyu haukataliwi; hata mliyegombana naye atapiga funda moja kabla hajaenda zake. Mwenyekiti akapandisha sauti ya wimbo. Tukapita. Nilitupa jicho mara moja, nikamwona anahamisha kibuyu kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, kana kwamba kosa lilikuwa mkono. Nikarudisha macho kwenye visigino vya aliyenitangulia.

Kesho yake, kwenye misa ya sikukuu, nilisoma ripoti: msimamizi wetu amezitembelea nyumba tisa. Padre akatupigia makofi. Kisha tukala pilau. Nilikula, ndiyo, na nikaongezewa.

Jumatano nilienda hospitali. Msidhani ni wema. Dhamiri ilikuwa inaniwasha kama upupu. Mguu ulikuwa umeshakatwa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini kabla sijafungua mdomo alinishika mkono, akawageukia kina mama wa vitanda vya jirani.

"Huyu ndiye mwalimu wa jumuiya yetu. Si niliwaambia mtakatifu alilala kwangu kabla nije? Mkaniona muongo. Mwalimu, waambie."

Alinitazama usoni, akaubana mkono wangu mpaka ukauma.

"Alilala," nikasema.

"Waambie mlimweka wapi."

Miaka yote ile sikuwa nimeingia nyumba yake hata siku moja. Sikujua kama ilikuwa na meza.

"Kando ya kitanda," nikasema. "Upande wa mguu."

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, na cucu akauachilia mkono wangu.